Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeifikisha sauti yake pwani nzima

KUTOKA Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, hadi Kiunga, kijiji cha Wabajuni kilichoko kaskazini ya mbali ya Lamu karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa njia ya bahari.

Katika ujana wa Siti binti Saad, wimbo wa Kiswahili ulikuwa na njia moja tu ya kwenda umbali huo, nayo ni kumbukumbu ya msafiri. Aliyeusikia Unguja aliuweka moyoni, akapanda jahazi wakati wa kusi, na alipofika kaskazini akauimba kwa sauti yake mwenyewe. Maneno yalifika, na lahani ilifika, lakini sauti ya mwenye wimbo ilibaki alikotoka.

Mwaka 1928 mambo yalibadilika. Mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu alivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay pamoja na wenzake, akaimba mbele ya kipaza sauti, na sauti yake ikachongwa katika mifereji ya santuri. Maisha yake hayawezi kuelezwa sawasawa pasipo kuieleza pia mashine hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya asikike mbali, na pia ndiyo iliyompunja sehemu ya sauti yake.

Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Wazazi hao walimpa jina la Mtumwa, jina lililobeba hali ya wakati ule, kwani utumwa haukuwa umepigwa marufuku Zanzibar. Sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1897, wakati yeye ni msichana mkubwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye, pamoja na umaarufu.

Hakupata elimu ya kusoma na kuandika. Urithi aliopewa na mama yake ulikuwa kazi ya ufinyanzi. Alijifunza kuukanda udongo, kuuumba, kuuanika na kuuchoma, kisha kuvibeba vyungu kuvipeleka mjini kuviuza.

Mfinyanzi hutumia sikio kama anavyotumia mkono. Chungu kizima kikigongwa kwa kidole hulia kwa mlio mmoja uliokaza, ilhali chenye ufa hutoa mlio uliopasuka hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho.

Katika kutembeza bidhaa hiyo ndipo watu walipoanza kumjua. Masimulizi ya maisha yake yanakubaliana kwamba alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na kwamba sauti yake ilitangulia mbele yake kwa umbali ambao wenzake hawakuweza kuufikia. Wanunuzi walimsikia kabla ya kumwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905. Huyu ndiye aliyemfundisha uimbaji wa taarabu na kumkutanisha na wapigaji wa vyombo.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa bado na harufu ya kasri. Ilikuwa imeletwa Zanzibar kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wa daraja la juu. Siti aliichukua sanaa hiyo akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wapagazi, wavuvi, wapishi na wauza vyungu.

Kundi lake lilikuwa na Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam, mpiga udi hodari aliyekuwa kipofu. Usiku watu walikusanyika Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na watu wa kawaida, kuwasikiliza.

Mahali pa kuimbia palikuwa na neno lake katika sauti. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zina kuta ngumu zinazourudisha mlio, kiasi kwamba sauti moja hugeuka kuwa nyingi na maneno ya haraka hugongana. Nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo huumeza mwangwi, na kila neno hufika moja kwa moja sikioni. Kwa mwimbaji mwenye pumzi ndogo makuti ni adui, kwa kuwa hayamsaidii. Kwa Siti, mwenye kifua kipana cha sauti, palikuwa mahali pa maneno yake kueleweka.

Vyombo navyo vina tabia zao. Udi hutegemea ubao mwembamba wa uso wake, na ubao huo hunywa unyevu wa bahari, ukavimba wakati wa masika na kujikaza wakati wa kaskazi. Gambusi na kibangala, ambazo uso wake ni ngozi, huathirika zaidi, kwa maana ngozi ikilegea kwa unyevu mlio huwa mzito na butu. Ndiyo sababu wapigaji wa pwani hutumia muda mrefu kukaza nyuzi kabla ya wimbo kuanza, na ndiyo sababu dumbaki na matari huota moto kwanza.

Umaarufu wa Siti ulizaa husuda. Walitokea waliomcheka kwa asili yake ya shamba, kwa kaniki alizovaa alipoingia mjini na kwa sura yake, wakidai kwamba ukimwondolea sauti hana kitu kingine. Naye aliwajibu kwa wimbo, akiweka wema na akili mbele ya uzuri wa uso na ukoo. Hata hivyo wadhihaki hao walikuwa wameligusa jambo la kweli pasipo kukusudia: hakuwa na shamba, wala cheo, wala jina la ukoo. Sauti ndiyo iliyokuwa mali yake, na chochote kitakachoigusa sauti hiyo kilimgusa yeye.

Gramafoni hazikuwa ngeni Zanzibar. Miaka mingi kabla ya 1928 wenye uwezo walimiliki mashine hizo na kusikiliza santuri za Misri na India. Kilichokosekana sokoni kilikuwa sauti za pwani yenyewe kwa lugha ya wenyeji. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo ya His Master's Voice inayoonyesha mbwa akisikiliza gramafoni, ndiyo iliyowapeleka Siti na wenzake Bombay.

Wakati wa safari hiyo ulikuwa wa bahati. Hadi mwaka 1925 sauti ilirekodiwa bila umeme. Mwimbaji aliimba ndani ya mdomo wa pembe kubwa ya bati, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyotikisa kiwambo kilichosukuma kisu juu ya nta. Njia hiyo ilinasa takribani mitetemo 250 hadi 2,500 tu kwa sekunde, wakati sikio la kijana husikia kuanzia 20 hadi 20,000. Vyombo vya nyuzi viliteseka zaidi, hata ikatengenezwa fidla maalumu yenye pembe ya bati ili mlio wake ufike kwenye nta.

Kuanzia mwaka 1925 kikaja kipaza sauti cha umeme. Sasa mtetemo wa hewa uligeuzwa kuwa umeme, ukakuzwa, kisha ukaendesha kisu cha kuchonga. Upana wa sauti iliyonaswa uliongezeka kufikia takribani mitetemo 100 hadi 5,000 kwa sekunde. Kama Siti angekwenda miaka mitano kabla, udi wa Mbaruk ungezama nyuma ya sauti yake. Alipokwenda 1928, udi na fidla viliweza kukaa pamoja naye kila kimoja mahali pake.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi kwa watu waliozoea kuimba usiku kucha wakishangiliwa. Kila mmoja alipangiwa umbali wake kutoka kwenye kipaza sauti: mwenye mlio mkali nyuma, mwenye mlio mdogo mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Nta iliyochongwa haikuweza kufutwa sehemu na kurekebishwa kama ilivyo katika studio za leo. Mmoja akikohoa au kukosea mwishoni, sahani nzima iliharibika na wimbo ulianza upya.

Kikwazo kikubwa kingine kilikuwa muda. Santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Taarabu hairidhiki na dakika tatu. Mwimbaji hurudia ubeti kadiri wasikilizaji wanavyoutaka, na mpiga udi huanza kwa kuzungukazunguka kabla ya kuingia katika wimbo. Bombay hayo yote yalipunguzwa. Siti anayesikika katika santuri ni Siti aliyebanwa na saa.

Kutoka kwenye nta kulitengenezwa kalibu ya chuma, na kutoka kwenye kalibu zikagandamizwa santuri za kuuza. Malighafi yake kuu ilikuwa lakiri, utomvu wa wadudu unaokusanywa kwenye miti nchini India, ukichanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliifanya santuri iwe ngumu, lakini ndio pia uliozaa ule mchakato wa mfululizo unaosikika chini ya kila wimbo wa zama zile, mfano wa mvua inayopiga makuti.

Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki ndani ya miaka michache. Kampuni nyingine, zikiwamo Odeon na Columbia, zilifuata njia hiyo hiyo ya kutafuta sauti za waimbaji wa Kiswahili.

Nguvu ya gramafoni ya wakati huo ni kwamba haikuhitaji umeme. Iliendeshwa kwa kamani iliyotiwa ufunguo kwa mkono, kama saa ya ukutani. Kijiji chochote chenye mtu mmoja mwenye mashine na santuri chache kingeweza kumsikiliza Siti, hata kiwe mbali kiasi gani na mji.

Kwa pwani ya kaskazini jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1925, miaka mitatu tu kabla ya safari ya Bombay, Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na mpaka mpya ukapita karibu na Kiunga. Wabajuni, ambao makazi yao yalienea kutoka upande wa Kismayu hadi visiwa vya Lamu, wakajikuta chini ya serikali mbili za kigeni. Santuri ya Kiswahili haikuwa na serikali. Iliweza kulia upande huu na upande ule wa mpaka, na ikaeleweka pote.

Lakini kusikika ni jambo moja, na kusikika vizuri ni jambo lingine. Baada ya santuri kutoka kiwandani, ubora wa sauti ya Siti ulikuwa mikononi mwa mwenye mashine.

La kwanza lilikuwa kasi. Kamani ikianza kulegea katikati ya wimbo, santuri huzunguka polepole. Ikishuka kutoka mizunguko 78 hadi karibu 74 kwa dakika, sauti yote hushuka kwa takribani nusu toni, na mwimbaji huanza kusikika kama mtu aliyechoka. Msikilizaji mgeni angeweza kudhani ni mwimbaji aliyepoteza lahani, kumbe ni mkono uliosahau kutia ufunguo.

La pili lilikuwa sindano. Sindano ya chuma ilikusudiwa kutumika kwa upande mmoja wa santuri na kutupwa, kwa kuwa ule unga wa mawe huila ncha yake. Sindano zilinunuliwa kwa fedha, na mbali na maduka zilikuwa adimu, kwa hiyo kuzirudia kulikuwa kishawishi kikubwa. Ncha iliyochakaa, ikikandamizwa na mkono wa gramafoni wenye uzito wa zaidi ya gramu 100, huulima mfereji wa santuri na kuondoka na milio ya juu. Kilicholimwa hakirudi, hata sindano mpya ikiwekwa.

La tatu lilikuwa umbo la santuri yenyewe. Sindano ikiwa pembeni hupita juu ya mfereji mrefu kwa kila mzunguko, na inapokaribia katikati mfereji huo huwa umepungua hata nusu. Milio midogomidogo hubanana, na mwisho wa wimbo husikika kana kwamba mwimbaji amefunikwa kwa kanga. Bahati mbaya ni kwamba katika nyimbo za Siti mwisho ndipo palipokaa funzo.

La nne lilikuwa hali ya hewa. Jua la pwani hulainisha lakiri, na santuri iliyoachwa dirishani hupinda. Unyevu huotesha ukungu ndani ya mifereji. Upepo wa chumvi hushika kutu kamani, sindano na vyuma vya kichwa cha sauti. Maeneo kama Kiunga, ambako bahari iko mlangoni, ni miongoni mwa mahali pagumu mno kwa mashine ya aina hiyo.

Mambo haya ya kiufundi yaligusa moyo wa kazi ya Siti. Nyimbo zake zilikuwa habari kwa watu wasiosoma magazeti. Aliimba juu ya wanaume wanaowapiga wake zao, juu ya wakubwa wanaowaonea wadogo na juu ya mahakama zisizotenda haki. Wimbo wa Kijiti, unaojulikana kuliko nyingine, unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na jinsi sheria ilivyowaangukia mashahidi huku mtuhumiwa akitoroka.

Katika wimbo wa namna hiyo kila neno ni ushahidi. Nayo konsonanti kama s, sh na f hubebwa na mitetemo ya juu, mingi yake ikipita 4,000 kwa sekunde, pale pale ambapo uwezo wa kurekodi wa 1928 ulikuwa ukikaribia mwisho. Santuri mpya kwenye mashine nzuri ilizitoa kwa shida. Santuri iliyolimwa na sindano chakavu haikuzitoa kabisa. Lahani ilibaki, ila maneno yalikwenda.

Hapa ndipo malezi ya sauti ya Siti yalipomwokoa. Alikuwa amejifunza kunadi barabarani, ambako neno lisilosikika halileti mteja, na kuimba katika nyumba za makuti zisizosaidia kwa mwangwi. Nguvu kubwa ya sauti ya mwanamke anayeimba kwa kifua hukaa katika mitetemo ya kati, ambayo ndiyo mashine za wakati ule zilizimudu vizuri. Dumbaki ilipoteza uzito wake, na fidla ilipoteza ncha yake, lakini sauti yake ilibaki imesimama katikati ya mchakato wa sindano.

Siti hakuwa tajiri kwa kiasi cha umaarufu wake, na hakuacha kuimba katika uzee. Katika siku zake za mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, aliyeyachukua maelezo yake na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kimekuwa nguzo katika fasihi ya Kiswahili. Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka sabini hivi.

Kabla ya kifo chake tayari zilikuwa zimetoka santuri za plastiki zinazozunguka polepole na kubeba wimbo mrefu, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Hakuwahi kuufaidi uhuru huo wa muda. Sauti yake imebaki katika lakiri.

Jina lake halikupotea. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba maisha yake yote nyimbo zilizotoka katika mkondo wa Siti. Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Nyimbo zake zinazosikika leo katika redio na intaneti ni nakala za santuri hizo, na msikilizaji wa sasa humhukumu kwa nakala. Wapo wanaosema kwamba alikuwa na sauti nyembamba, au kwamba wenzake walipiga vyombo hafifu. Mara nyingi wanachokisikia ni kasi isiyo sahihi, mfereji uliolimwa au sindano isiyofaa. Mfereji wa santuri ya 78 huhitaji ncha ya upana wa karibu elfu tatu za inchi. Ncha ya santuri za plastiki, yenye upana wa theluthi ya hapo, huzama hadi chini ya mfereji na kuchota vumbi badala ya wimbo.

Hivyo santuri kuukuu iliyo ndani ya kasha, iwe Unguja, Mombasa, Lamu au Kiunga, isichezwe kwa mashine ya zamani kwa ajili ya kujifurahisha, kwani kila mzunguko huondoa kitu. Inafaa ihifadhiwe ikiwa imesimama wima, mbali na jua na unyevu, ioshwe kwa maji safi pasipo spiriti, ambayo huyeyusha lakiri, kisha inakiliwe mara moja na mtu mwenye ncha sahihi na kasi sahihi. Huenda upande mmoja wa santuri hiyo ukawa ndiyo nakala nzuri kuliko zote zilizobaki za sauti ya yule mfinyanzi wa Fumba.